Verlene na Kitabu cha Mdogo Wake

Kwa miaka mingi Verlene Aune aliwapikia watoto wa shule ya Nordhaug, na hakuna mtu mjini aliyewahi kumwona akiogopa. Siku sufuria kubwa ya mvuke iliporusha kifuniko chake hadi darini na watoto wakatawanyika kama vifaranga, yeye ndiye aliyeingia kwenye moshi, akafunga gesi, akatoka anafuta miwani kwa aproni na kuuliza nani bado hajapata maziwa. Mumewe alipofariki walimzika mwezi wa Machi, ardhi ikiwa bado ngumu kwa baridi, na Jumapili iliyofuata watu walimkuta jikoni mwa kanisa anaosha vikombe. "Verlene ni chuma," walisema. Walisema kwa kumsifu. Katika nchi ile tambarare ya Minnesota, ambako upepo ukitoka Kanada haukuti kizuizi mpaka mlangoni pako, mtu husifiwa zaidi kwa yale anayoyanyamazia.

Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, na ilikuwa na jina. Ilikuwa inaitwa Curtis.

Curtis Bratvold alikuwa mdogo wake. Mama yao alikufa mvulana akiwa hajaanza shule, na Verlene mwenyewe bado anasuka nywele mikia miwili. Tangu hapo ndiye aliyemfunga kamba za viatu, aliyemkata nywele kwenye kigoda cha jikoni, aliyemwamsha alipokuwa akiota ndoto mbaya. Mtoto yule alikuwa akiongea na ndama. Alikuwa akisimama katikati ya shamba la biti za sukari, mikono mifukoni, anatazama mbali, mpaka baba yao anaguna, "Verlene, hebu kamlete yule kabla hajaota mizizi." Akaja kuwa mshairi. Akafundisha vyuo vya mbali, akaandika vitabu, akaoa, akaachwa, na alipozeeka akarudi kuishi peke yake kando ya Ziwa Refu, mwendo wa saa moja kutoka Nordhaug.

Kila kitabu chake kilipotoka, Verlene alikisoma mara moja, amesimama jikoni, kisha akakiweka kwenye rafu ya picha za harusi. Hakusema ameelewa wala hakusema hakuelewa. Kwenye simu walizungumza habari za theluji, bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto, na nani amefanyiwa upasuaji wa goti. Kwa watu wa kwao, huo ndio upendo. Anayeuliza zaidi ya hapo anaonekana anachungulia dirishani kwa watu.

Msimu ule wa majani kupukutika ndipo kilipotoka kitabu kikubwa: mashairi yake yote, ya ujana na ya uzee, ndani ya jalada moja, kizito kama tofali. Magazeti ya miji mikubwa yalikisifu. Baada ya Krismasi, kikundi cha usomaji cha maktaba ya Nordhaug kikaamua kukisoma, maana mwandishi alikuwa mtoto wa pale pale, na wengi wao walikuwa wamempa keki akiwa mdogo.

Walikutana Alhamisi baada ya chakula cha mchana, kama kawaida yao. Viti vilipangwa duara. Kahawa ilikuwa inachemka pembeni, sahani za keki ya karameli zimefunikwa, kwa kuwa utaratibu ni mmoja: kwanza maneno, kisha kahawa, na hakuna anayeondoka kabla ya kahawa. Aliyeongoza alikuwa Marlys Fosse, mwalimu mstaafu aliyekuwa amemfundisha Curtis na karibu nusu ya waliokuwa pale. Alikuwa mzee sana sasa, mwembamba kama mwanzi, lakini sauti yake bado iliweza kumnyoosha mtu kwenye kiti.

"Haya, nani anaanza?"

"Mimi," alisema Orlin Skaar. Orlin alikuwa mkulima wa biti, mwanamume pekee katika kikundi. Alijiunga mkewe alipokufa, na hakuficha kwamba alifuata keki. "Nimekisoma chote, mwalimu. Nimetafuta vina mpaka macho yameniuma. Bwana huyu kaandika kurasa mia sita na hakuna neno hata moja lililokutana na mwenzake."

"Vina si lazima, Orlin. Nilikwambia darasa la tisa."

"Uliniambia, na nikakuamini, na nikapata alama ya chini vile vile."

Walicheka. Mama mmoja akasema shairi la farasi wa babu lilimliza akiwa ndani ya gari, kwenye mashine ya kuoshea magari, na akashukuru kwamba sabuni ilifunika vioo. Mwingine akasema kitabu kilikuwa, vipi aseme, tofauti kidogo. Katika Nordhaug hilo ni tusi zito, na wote wakamtazama Verlene kuona kama ameumia. Verlene alitabasamu. Alikuwa na kitabu mapajani, mikono juu yake, kama mtu anayemzuia paka asiruke.

Ukweli ni kwamba usiku wa jana alikuwa amesoma sehemu ya mwisho, mashairi mapya, na tangu hapo kulikuwa na kitu baridi chini ya mbavu zake. Hakujua ni nini. Alijiambia ni samaki aliyemla jana.

"Mimi nataka kuzungumzia sehemu ya mwisho," alisema Marlys, akafungua alipoweka kipande cha uzi. Akasoma taratibu, kama alivyokuwa akisoma darasani, kila neno likipewa nafasi ya kukaa:

*Koleo kwa jirani. Mashua kwa mwana wa jirani.*
*Maji niliyaachia ziwa, yalikuwa yake tangu hapo.*
*Kisha nikafagia, nikasimama mlangoni,*
*na chumba kikanishukuru kwa kutoka.*

Mtu akavuta pumzi.

"Mnasikia?" alisema Marlys. "Ujanani alikuwa mtu wa kelele, Curtis. Alikuwa akigombana na kila kitu, hata na alama ya mkato. Hapa ametulia. Huyu ni mtu aliyeweka mzigo wake chini. Magazeti yote yamesema hivyo, na kwa mara ya kwanza nakubaliana nayo. Ni amani."

"Ni amani kweli," walisema wengine, na vichwa vikaitikia duara zima.

"Ni kama siku ya mnada," alisema Orlin. Alikuwa anaanza kuipenda kazi hii ya kusema juu ya mashairi. "Si mnajua mtu anapoacha kulima? Kila kitu kinatolewa nje kwenye nyasi, mistari kwa mistari, kimeoshwa. Spana zimepangwa kwa ukubwa. Unapita unatazama unasema, loo, huyu bwana alikuwa nadhifu, na hatukujua..."

Akanyamaza ghafla. Alikuwa amekumbuka anazungumza mbele ya nani. Shingo yake ikaiva nyekundu mpaka masikioni, na watu wote wakaanza kutazama viatu vyao.

Mnada aliokuwa anauzungumzia, wote walikuwepo. Ulikuwa wa baba yao Verlene, mwaka ule mabenki yalipokuwa yanachukua mashamba moja baada ya jingine. Mzee Bratvold aliosha trekta kwa mkono. Alipaka mafuta kila kifaa, akavipanga kwenye nyasi, akasimama kando na kofia mkononi watu walipokuwa wakinunua maisha yake kipande kipande. Baada ya hapo alitulia, akatulia ajabu. Watu walisema, amelipokea vizuri. Jumamosi Verlene alimpelekea nyama ya kuoka na viazi, wakakaa mezani wakazungumza kama mvua itakuja kabla ya mavuno au la. Jumapili hakuonekana kanisani, na walipokwenda kumtafuta walimkuta ghalani, ameshakufa.

Mji ulisema ni ajali. Mchungaji alisema ajali, gazeti likaandika ajali. Hakuna aliyedanganya kwa ubaya; walifanya kama mtu anavyomfunika maiti shuka. Lakini shuka lile halikuondolewa tena, na Verlene na Curtis walizeeka chini yake, kila mmoja upande wake, bila kuambiana neno.

Orlin alihangaika kutafuta mahali pa kujificha, na kama watu wema wanavyofanya, akajificha katika sifa. "Lakini Curtis ni mkarimu, jamani! Juzi juzi kanipa kibanda chake cha kuvulia samaki kwenye barafu. Bure kabisa! Na jiko lake ndani."

"Na maktaba kailetea makasha ya vitabu," alidakia Marlys, mwenye furaha ya kumwokoa. "Vitabu vizuri vyote. Hata vile vya Kilatini alivyonunua akiwa mwanafunzi."

Verlene alisikia kama mtu amefungua mlango nyuma ya mgongo wake na baridi yote ya Januari ikaingia. Kwa sababu yeye naye alikuwa ameletewa kitu. Kwa posta, kimefungwa kwa magazeti: chuma cha mama yao cha kuokea biskuti za Krismasi, ambacho Curtis hakuwahi kukubali kukitoa, hata alipoombwa. Alimpigia simu kushukuru. Alimuuliza kama theluji ni nyingi huko ziwani. Curtis akasema ni nyingi kiasi. Akasema kwaheri kwa upole sana.

Alisimama. Kitabu kilimponyoka kikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Mmesema vizuri sana," alisema. "Mimi naenda."

"Verlene! Kahawa haijamiminwa hata!"

Alikuwa ameshafika ukumbini, simu sikioni. Iliita, ikaita, ikaita. Aliikata akapiga tena. Vidole vilikuwa havimtii. Marlys alimfuata kwa fimbo yake, Orlin nyuma amebeba kitabu na koti la Verlene.

"Hashiki," alisema Verlene.

"Labda yuko nje anakata kuni. Keti kidogo, mama."

"Marlys, anagawa vitu vyake."

Mwalimu mzee alielewa mara moja, lakini hakutaka kuelewa. "Sikiliza. Shairi si mtu. Mtu anaweza kuandika maneno meusi kuliko usiku huku anakaanga mayai na kupiga mluzi. Nimesoma mashairi maisha yangu yote, Verlene. Ile ni sauti ya mtu aliyepona."

"Baba naye alikuwa na sauti hiyo hiyo."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema jambo hilo, na sasa limesemwa kando ya ubao wa matangazo ya watoto, mchana kweupe.

"Nikiwa nimekosea mtanicheka," alisema Verlene. "Nichekeni mwaka mzima. Lakini naenda."

Marlys alimtazama, kisha akageuka upesi kuliko umri wake. "Mimi nawapigia polisi wa wilaya. Orlin, mpeleke. Usimwache aendeshe na mikono hiyo."

Polisi walikuwa barabara kuu, lori lilikuwa limepinduka, wangekuja watakapoweza. Kwa hiyo wakaondoka wawili, ndani ya pikapu ya Orlin yenye harufu ya mbwa na dizeli. Theluji ilikuwa inatambaa juu ya lami kama moshi, nyeupe juu ya nyeusi, na mara kwa mara upepo uliinyanyua yote na barabara ikapotea. Orlin aliendesha kwa kukumbuka nguzo za umeme.

Verlene alikuwa anaona jikoni kwa Curtis, kisha anajizuia asione zaidi. Kila alipofumba macho aliona mlango wa ghala. Aliomba, lakini sala ilikuwa na maneno mawili tu, *bado, tafadhali*, na ikageuka kuwa mdundo wa matairi.

"Hata sikumuuliza," alisema Orlin ghafla.

"Nini?"

"Alipokuwa ananipa kibanda. Mtu anayevua kila msimu tangu tukiwa wadogo, ananipa kibanda katikati ya msimu. Na mimi unajua niliuliza nini? Niliuliza kama bomba la jiko bado linavuta moshi vizuri." Alipiga usukani kwa kiganja. "Mjinga mkubwa mimi. Bomba!"

"Mimi niliuliza habari za theluji."

"Sote ni wajinga basi."

"Si wajinga. Ni watu wa Nordhaug."

Orlin alicheka kidogo, kicheko kisicho na pumzi. Kisha akasema, "Hebu nisomee lile la mwisho kabisa. Labda tumeelewa vibaya. Labda mwisho anakwenda Florida kuota jua, kama wazee wengine."

Verlene alifungua kitabu. Alisoma mstari wa kwanza, unaosema juu ya taa inayozimwa chumba baada ya chumba na mtu asiyeudhika. Aliuanza wa pili, akauacha katikati.

"Kifunge," alisema Orlin. "Kifunge, dada. Nimesikia."

Akakanyaga mafuta, ingawa barabara haikuruhusu.

Nyumba ya Curtis ilikuwa ndogo, ya mbao, imegeukia ziwa. Bomba la moshi halikuwa linatoa moshi. Njia ya kuelekea mlangoni ilikuwa imekatwa kwenye theluji kwa kingo zilizonyooka kabisa. Unadhifu ule ndio uliomfanya Verlene akimbie. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, maana hakuna afungaye mlango huko.

"Curtis!"

Sauti yake ilizunguka ikamrudia. Meza ilikuwa imefutwa. Kikombe kimoja kimepinduliwa juu ya kitambaa. Kitanda kilikuwa kimevuliwa shuka, blanketi zimekunjwa pembe kwa pembe. Na friji ilikuwa imechomolewa, tupu, mlango wake umeachwa wazi kwa kitaulo kilichokunjwa ili usijifunge na kuingia ukungu.

Verlene alishika ukingo wa sinki. Ndivyo wanavyofanya wenye nyumba za ziwani wanapofunga nyumba mwisho wa kiangazi na kurudi mjini. Lakini Curtis hakuwa na mji mwingine wa kurudi, na huu ulikuwa mwezi wa Januari.

"Gari lipo bandani," alisema Orlin akirudi mbio, ndevu zimeganda. Alifungua kabati la ukutani, akahesabu bunduki za kuwindia kulungu kwa kidole, akatoa pumzi ndefu. "Zote zipo. Verlene, zote zipo." Akalifunga tena, akatia ufunguo katika mfuko wa ndani wa koti lake, akafunga zipu mpaka shingoni.

Verlene hakumsikia. Alikuwa dirishani. Mbali kwenye ziwa, mahali ambapo barafu na anga vilikuwa rangi moja, kulikuwa na doa jeusi.

Alitoka kabla Orlin hajageuka. Theluji ilimfika magotini hadi ufukweni, kisha akakanyaga barafu, na barafu ikanguruma chini yake, sauti ndefu iliyokwenda mbali kama mnyama anayejigeuza usingizini. Barafu ile ilikuwa nene ya kubeba lori. Alijua. Lakini mwili wake haukujua lolote. Ulijua tu kwamba doa lile halisogei. Alijaribu kuita, upepo ukalirudisha jina kinywani. Akakimbia, mwanamke wa umri wake, mabuti mazito, mkono mmoja mbele kama mtu anayetembea gizani.

Curtis alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakukuwa na tundu kwenye barafu mbele yake, wala uzi, wala ndoana. Hakuwa na kofia. Masikio yake yalikuwa meupe.

Verlene aliona mvuke mdogo ukitoka kinywani mwake.

Curtis aliinua macho, kama mtu aliyeamshwa. "Verlene? Umekujaje na barabara mbaya hivi?" Kisha, kwa mazoea tu, midomo yake ikisogea kwa shida: "Wamesema kutazidi kuwa baridi kesho."

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Verlene. Lilikuwa tayari kwa maisha yake yote: *ndiyo, hata redio imesema*. Alilimeza. Alivua kofia yake ya sufu akamvika, akaivuta mpaka ikafunika masikio, akapiga magoti kwenye barafu ili nyuso zao ziwe sawa.

"Curtis. Unataka kujiua?"

Aliogopa neno lenyewe lilipotoka. Alidhani litavunja kitu. Upepo ulipita. Curtis alimtazama.

"Umekisoma kitabu," alisema.

"Nimekisoma."

"Wenzako nao?"

"Wote. Tulikutana leo."

"Walisemaje?"

"Orlin anataka vina." Pembe ya mdomo wa Curtis ilicheza. "Marlys alisoma sehemu ya mwisho. Akasema umetulia. Wote walisema ni amani."

"Na wewe?"

"Mimi niliogopa," alisema Verlene. "Niliogopa mpaka nikaacha kahawa."

Hapo ndipo Curtis alipoinamisha kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika, na kwa dakika nzima Verlene hakujua kama anacheka au analia, na akamshika mikono yote miwili iwe vyovyote. Mikono ilikuwa baridi kama vyuma vya lango.

"Marlys hakukosea," alisema mwishowe. "Mwambie. Nilipoyaandika nilitulia kweli. Miaka yote nimepigana na kitu hiki, dada, halafu siku moja kikaacha kupigana. Kikawa kinakaa nami mezani, kipole. Nikaandika kila kilichosema. Watu wameniandikia kutoka kila mahali, wanasema nimewapa faraja." Alimeza mate. "Nilikuwa nikisoma barua zao nikifikiri, basi labda ni jambo jema. Labda hivi ndivyo amani ilivyo."

"Umepanga iwe lini?"

"Sijui. Leo nilikaa hapa kujua. Nimekaa tangu asubuhi."

"Baba alikuwa hivi hivi," alisema Verlene. "Wiki ile. Nilikaa naye mezani nikamzungumzia mvua."

Curtis aliinua uso. Hawakuwahi, hata siku moja, kulitaja.

"Nilikuona ukiosha lile bakuli la nyama ya Jumamosi, baada ya mazishi," alisema polepole. "Uliliosha mara nyingi sana. Nilitaka kukuuliza."

"Ungeuliza."

"Hatukuwa na maneno yake."

"Wewe ndiye mwenye maneno, Curtis! Kurasa mia sita!" Alikuwa analia sasa, na machozi yalikuwa yanaganda. "Inuka. Siwezi kukubeba, nilikubeba ulipokuwa mdogo, sasa umekuwa lijitu. Inuka mwenyewe twende."

Hakuinuka. Hiyo ndiyo ilikuwa dakika mbaya kuliko zote, mbaya kuliko friji, kuliko njia yote. Alitazama ziwa kwa namna mtu anavyomtazama mwenyeji aliyemkaribisha vizuri. Verlene hakumvuta. Alipiga magoti tu, akimshika, akihisi baridi inapanda mapajani, akijua kwamba Curtis asipoinuka, yeye naye hatainuka.

"Utaumwa magoti," alisema Curtis.

"Yameshauma."

Curtis akainuka. Alijaribu mara mbili. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Orlin alikuwa ameshawafikia, anahema kama ng'ombe, na bila kuuliza lolote akaingiza bega lake chini ya mkono wa Curtis.

"Bunduki zako nitakaa nazo mimi, bwana," alisema Orlin walipokuwa wakitembea. "Mpaka utakapozidai. Na ukizidai mapema nitasema nimesahau nilikoziweka. Si unajua akili yangu."

"Ninaijua tangu darasa la tisa," alisema Curtis.

Walikaa watatu kwenye kiti kimoja cha pikapu, Curtis katikati, kipasha joto cha gari kikiwapulizia miguuni. Hakuna aliyefurahi. Verlene alikuwa anaogopa hata kona za barabara, anaogopa taa nyekundu, anaogopa mtu aliye kando yake asije akabadili nia kama maji yanavyobadili mkondo. Hawakwenda Nordhaug. Walikwenda mji mkubwa zaidi, kwenye hospitali, na Verlene akampigia Marlys njiani kumwambia kwamba Curtis yuko hai. Upande wa pili mwalimu alisikika akikaa chini.

Hospitalini, nesi kijana mwenye nywele zilizobanwa aliwaingiza kwenye chumba kidogo cha pembeni. Aliuliza jina, akauliza umri. Kisha akaweka kalamu chini, akamtazama Curtis machoni, akamuuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale, bila kupunguza.

Verlene alikuwa ameshafungua mdomo. Tangu utoto wa Curtis ndiye aliyekuwa akimjibia: kwa mwalimu, kwa daktari wa meno, kwa baba. Angeweza kusema, amechoka tu, hajala vizuri, ni upweke wa majira haya. Neno lilikuwa tayari, jepesi, la kumwondolea haya kila mtu mle ndani. Aliuma mdomo mpaka ukauma kweli.

Curtis alikuwa anatazama sakafu.

"Ndiyo," alisema.

Njia nzima Verlene alikuwa na tumaini la siri kwamba mbele ya mgeni atasema hapana, na hapana hiyo itakuwa kweli. Sasa limesemwa. Na nesi hakushtuka, hakutazama viatu. Alisema tu, "Ahsante kwa kuniambia," akavuta kiti karibu.

Walimwambia Verlene asubiri nje wakati daktari anazungumza na mdogo wake. Curtis akamshika kiganja cha mkono alipokuwa anatoka.

"Mlango usifungwe," Curtis alimwambia nesi. "Tafadhali. Uacheni wazi kidogo."

Waliuacha wazi kidogo. Verlene alikaa kwenye kiti cha ukumbini, Orlin kando yake, na kutoka pale hakuona uso wa mdogo wake wala hakusikia alichosema. Kupitia upenyo ule aliona buti moja tu, la kushoto, lenye chumvi ya barabara. Kila lilipotulia, alibana pumzi. Kila lilipogonga sakafu, aliivuta tena.